Maiti ya Farasi Arobaini

Maiti iligunduliwa asubuhi, umande ungali kwenye majani, ikining'inia nyuma ya mashua ndefu kwenye gati la Rumah Sanggau, juu kabisa ya Mto Entalau. Haikuwa na jeraha wala damu. Kifuniko chake cha plastiki, ambacho zamani kilikuwa cha buluu, kilikuwa kimefungwa vizuri kwa mpira. Ilikuwa injini ya Kijapani, nguvu za farasi arobaini, yenye umri mkubwa kuliko nusu ya waombolezaji.

Ufunguo ulipozungushwa haikukohoa. Haikuguna. Haikutoa hata ule mlio mdogo wa "ka!" ambao injini yenye adabu huutoa kabla ya kukata roho. Ilinyamaza kama mkwe mpya mbele ya mama mkwe.

Inspekta Manggat wa polisi wa mtoni hakuwa ameitwa. Alikuwa akishuka mto kutoka kwenye kambi ya magogo, ambako alikwenda kutafuta misumeno iliyoibwa na kuambulia kuumwa na ruba. Aliona watu wa nyumba ndefu nzima, familia zote za vyumba vya ukumbi mmoja, wamejipanga gatini na nyuso za matanga. Akamwambia Konstebo Lidom apunguze mwendo.

"Inspekta, umeletwa na mababu!" Mzee Sanggau, mkuu wa nyumba, alimpokea kamba. "Tuna kifo hapa."

"Nani amekufa?"

"Huyo," mzee akaielekezea kidevu ile injini.

Konstebo Lidom, mtu mnene aliyebakiza kidogo astaafu, alivua kofia kwa heshima. "Alikuwa bado na nguvu," akasema. "Marehemu ameacha watoto?"

"Usicheze, Lidom. Hili ni jambo zito."

Na kweli lilikuwa zito. Mwenye mashua alikuwa Bibi Empiang, mjane wa Nyambar, aliyekuwa mwendesha mashua wa mto ule tangu siku ambazo barabara ya magogo haijafikiriwa hata na shetani. Bibi Empiang alikuwa ameketi juu ya sanduku la bati, mkeka wake mapajani, akitazama mto asiouona. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, meupe kama maji ya mchele. Kesho yake alikuwa na nafasi ya upasuaji mjini Sibu. Mwanawe wa pekee, Jimbau, mwalimu huko huko Sibu, alikuwa amembembeleza kwa miaka mitatu aende. Mwishowe bibi alikubali, lakini kwa sharti moja, na alilitamka mbele ya watu wote ukumbini: ataondoka kwa mashua ya Nyambar tu. Mashua ikikataa, basi marehemu mumewe ndiye aliyekataa. Hapo atabaki na ukungu wake mpaka kufa, na atakayelitaja tena jambo hilo atafukuzwa na mwiko wa kusongea.

"Mashua ya polisi si hii hapa?" aliuliza Inspekta.

"Nimeshamwambia tulipowaona mkija. Kaniambia hajafanya kosa la kupandishwa mashua ya polisi."

"Na kamba ya kuvuta kwa mkono?"

"Ilikatika Nyambar angali hai. Bega lake lilikuwa bovu, hakuitengeneza. Alikuwa peke yake mto mzima mwenye kuwasha kwa ufunguo, kama mwenye gari. Maringo yake hayo!" Mzee Sanggau alishusha sauti. "Sasa sikia. Jana jioni niliiwasha mimi mwenyewe. Iliitika papo hapo. Leo ni kimya. Wenzangu wanasema ni roho ya Nyambar. Mimi Nyambar nilimjua. Mtu wa maneno yule! Angekataa, angekataa kwa hotuba."

Inspekta Manggat alikunja mikono ya shati. "Watu wote warudi nyuma. Hapa sasa ni eneo la tukio."

Watu walirudi nyuma hatua moja, kisha wakasogea mbili.

"Huyo ni nani?" Bibi Empiang aliinua uso. "Sauti naijua."

"Ni Manggat, Bibi. Wa nyumba ya Lubok Kasai, chini kule."

"Manggat! Uliyekuwa ukitapika kwenye ndoo ya samaki?"

Gati zima lilicheka. Konstebo Lidom alicheka kuliko wote, kisha akajikohoza kikazi.

"Ndiye, Bibi," alisema Inspekta. Masikio yalimwiva.

Alipanda mashuani, na miguu yake ikakumbuka kabla ya kichwa. Ubao ulikuwa ule ule, wenye kifundo kama jicho. Kila Januari, likizo ikiisha, Nyambar aliteremka mto akizoa watoto nyumba baada ya nyumba, kuwapeleka shule ya bweni. Masanduku ya bati, magodoro yaliyoviringwa, harufu ya petroli na samaki mkavu, wadogo wakilia kwa siri na wakubwa wakiwacheka kwa sauti ili wasilie wao. Na kila Januari mashine ya Nyambar iliugua. Siku ya kuondoka ikifika, haiwaki. Nyambar alikuwa akifungua kifuniko, akitikisa kichwa kama daktari, na kusema: "Leo haiwezekani, wanangu. Rudini nyumbani, kesho." Siku ile moja ya ziada! Ilikuwa msimu wa matunda ya durian. Waliogelea mpaka ngozi zikakunjamana, wakala mpaka wakalala palepale walipoketi. Hakuna siku ya likizo iliyokuwa tamu kama ile ambayo haikustahili kuwapo.

"Inspekta," alisema Lidom, "unamwonea marehemu huruma au unafanya kazi?"

"Lete testa na bisibisi. Tunapasua maiti."

Uchunguzi ulianza kwenye betri, maana washukiwa wengi wa aina hii huwa ni betri. Vichwa vyake vilikuwa na kutu ya kijani. Inspekta alivikwangua kwa kisu, akavikaza, akagusisha taa ya testa. Iliwaka nyeupe, kali.

"Betri haina hatia," alitangaza. Lidom alirudia kwa sauti kuu ili walio nyuma wasikie.

Fyuzi ilikuwa nzima. Gia ilikuwa huru, kama inavyotakiwa. Mashine za aina hiyo hazikubali kuwaka gia ikiwa imeingia. Inspekta aliitikisa hata hivyo, mbele na nyuma, akajaribu ufunguo. Kimya.

Akauzima ufunguo. Akachukua bisibisi nene na kuunganisha skrubu mbili kubwa za kikopo cha swichi ya stata. Cheche ziliruka, na maiti ikazunguka mzunguko mzima kwa mngurumo: "Nyau-nyau-nyau!"

Mama mmoja alipiga kelele. Jogoo fulani aliruka mtoni.

"Anapumua!" Lidom alipaza sauti.

"Stata nzima," alisema Inspekta, sasa akinong'ona. "Nyaya nene nzima." Akachukua kipande cha waya, akapeleka umeme kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye skrubu ndogo ya kile kikopo. "Ka!" kikaitika kwa adabu, na injini ikazunguka tena. "Na kikopo ni kizima. Basi hakipati amri. Ufunguo unatoa amri, kikopo hakiisikii. Mjumbe ameuawa njiani, Lidom."

Aliwasha ufunguo, akaufuata waya mwembamba kwa testa, pima kwa pima, Lidom akiushikilia ufunguo. Nyuma ya ufunguo, taa iliwaka. Kabla ya swichi ya gia, iliwaka. Baada ya swichi ya gia, iliwaka. Kwenye kikopo, giza.

Katikati palikuwa na kiungo kimoja tu, ndani ya soksi ya mpira. Kwa nje kilikuwa kimeungana kama bibi na bwana harusi. Inspekta aliivuta soksi, akavitenganisha vipande, kisha akainama karibu zaidi.

Ulimi wa shaba ulikuwa umevishwa kitu. Kitu chembamba, king'avu, kikubwa kama ukucha wa dole gumba, kimelainishwa kwa maji na kukunjwa juu yake kama jani juu ya wali. Alikivuta kwa ncha ya kisu. Kilimeta juani.

Gamba la samaki. La semah, samaki mkubwa wa mtoni.

"Hilo halikuogelea mpaka humo," alisema Konstebo Lidom.

"Hapana. Hii ni hujuma."

Kidhibiti kiliingizwa kwenye pakiti tupu ya sigara ya Lidom. Inspekta hakukirudisha kiungo. Alisimama gatini, akaitazama hadhara.

"Nionyesheni mikono."

Walionyesha. Mikono yote ilikuwa safi kama ya wakunga. Kabla tu ya kukusanyika watu wote walikuwa wameoga mtoni, kama kila siku. Inspekta alitazama ya kwake: ncha za vidole zilikuwa zimejaa grisi nyeusi yenye kijani cha kutu. Kifuniko kile hakifunguliwi bila kumpaka mtu.

"Nani aliyeshuka gatini wa kwanza leo?"

"Mimi," alisema Mzee Sanggau. "Kufunga mizigo."

"Mimi nilimtangulia," alisema Jimbau. Alikuwa mwanamume mrefu, shati limenyooshwa pasi, saa mkononi. "Kujaza petroli. Inspekta, pamoja na heshima zote, kwa nini tusikubali tu? Mama alisema. Mashua imekataa. Labda baba..."

"Mwalimu, wewe ndiye uliyemsumbua miaka mitatu aende."

"Ndiyo. Na sasa nasema, basi."

"Wa kubembeleza miaka mitatu anachoka asubuhi moja," alinong'ona Lidom.

Inspekta alimwendea bibi, akachuchumaa. "Bibi, kabla ya kushuka mlikula?"

"Tungeondokaje bila kula? Niliandaa wali wa kunata wa kwenye mwanzi. Niliukata mwenyewe, nikaipitisha sahani ukumbini."

"Wote wakala?"

"Nilisikia taya zao, kama ng'ombe. Ila sahani ilinirudia na kipande kimoja. Aliyekuwa hana hamu hakusema neno, lakini nilisikia sahani ikitikisika kidogo. Aligusa."

Bila shaka aligusa. Mtu wa mto ule anaweza kudanganya polisi, kuiba msumeno, hata kukosa heshima kwa mkuu wa nyumba. Lakini akikaribishwa chakula hawezi kuondoka bila angalau kukigusa kwa kidole. Asipogusa atapatwa na puni: ataumwa na nyoka, atazama, au atavunjika mguu kabla ya jua kuzama. Na siku ya safari ya mtoni hakuna kichaa wa kufanya mzaha na puni.

"Sahani iko wapi?"

"Ukumbini. Labda kuku wameifikia."

Inspekta Manggat alipanda ngazi ya gogo kwa kasi ambayo haikulingana na cheo chake. Kuku wawili walikuwa tayari wanaizunguka sahani kwa nia mbaya. Aliwafukuza kwa jina la sheria.

Kipande kilikuwapo. Duara jeupe la wali wa kunata, jeupe kama karatasi ya mtihani. Na katikati yake, wazi kuliko muhuri wa ofisi ya wilaya, palikuwa na alama ya kidole gumba: grisi nyeusi, kingo za kijani. Bibi hakuweza kuiona. Wengine walikuwa wanatafuna. Na mwenyewe hakuthubutu kukirudia, maana kilikuwa mkononi mwa mama... Inspekta aliliinua duara kwenye mwanga. Mistari ya kidole ilikatwa na kovu moja, kutoka pembe hadi pembe.

Aliposhuka, alishika sahani kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba taji.

"Gwaride la utambulisho," alisema. "Wote waliokuwa ukumbini asubuhi wajipange. Lidom, masizi ya sufuria."

Lilikuwa gwaride la kwanza la aina yake katika historia ya polisi wa mtoni. Mtu mmoja mmoja alipaka kidole gumba masizi na kukibonyeza kwenye kipande kipya cha wali. Walitaniana. Mzee Sanggau alibonyeza kwa nguvu hadi akatoboa. "Huu wali utaliwa baadaye?" mtu aliuliza. "Wa kwako tutampa mbwa, akikubali," akajibiwa.

Jimbau alikuwa wa mwisho. Alitoa kidole gumba cha kushoto.

"Cha kulia, Mwalimu."

"Vidole si vyote sawa?"

"Cha kulia."

Kicheko kilipungua, kikakauka. Jimbau alitazama mto. Kisha akabonyeza. Kovu lilitokea kwenye wali mweupe, pembe hadi pembe.

"Ulikatwa na nini?"

"Ndoana. Nilikuwa mdogo. Baba aliitoa kwa koleo." Alikuwa akiangalia kidole chake. "Twende pembeni, Inspekta. Tafadhali."

"Semea hapa," alisema Bibi Empiang kutoka kwenye sanduku lake. "Mimi ni kipofu, si kiziwi. Na mashua ni yangu."

Jimbau aliketi juu ya jiwe. Shati lake la pasi liliketi kwenye tope naye.

"Ulitia gamba?"

"Nilitia."

"Lini?"

"Nilipojaza petroli."

"Ulijua mama yako akikosa nafasi ya kesho atabaki hivyo hivyo?"

"Nilijua."

"Basi kwa nini? Mtu alie miaka mitatu apewe mto avuke, akipewa auzibe?"

Jimbau aliuliza: "Inspekta, Gawai yako unarudi wapi?"

Inspekta alianza kufuta grisi vidoleni. Mama yake alihamia mjini kwa dada yake zamani; chumba chao Lubok Kasai kilipangishwa kwa popo. Kila Gawai, sikukuu ya mavuno, yeye huomba zamu, na wenzake humsifu kwa kujitolea.

"Unaona," alisema Jimbau. "Mke wangu ameshamwandalia mama chumba cha kuhamia mjini, kitanda kina shuka mpya. Jana nililala hapa, kwenye mkeka ule ule, nikasikia mama anachochea moto akizungumza na paka. Nikawaza: kesho huu moto unazimwa. Mama nitakuwa naye, ndiyo, kila siku, mbele ya televisheni. Lakini nyumbani nitakuwa sina. Nitapanda mto kumwona nani? Nitabisha mlango upi? Nimekuwa nikirudi kila mwaka tangu nivae kaptula. Sikujua kwamba anayekwenda mjini si mama peke yake." Alijifuta uso kwa mkono wenye masizi, akaharibu zaidi. "Na nilikuwa nimeshasema mbele ya ukumbi wote. Mwanamume atalimezaje neno lake mbele ya ukumbi? Nikasema, acha baba anisemee. Yeye ndiye aliyenifundisha."

"Alikufundisha nini?"

"Gamba." Jimbau alimtazama kwa mara ya kwanza. "Hukuwahi kujiuliza, Manggat? Kila Januari?"

Inspekta Manggat, aliyewahi kukamata majambazi wa magogo bila kupepesa jicho, alilazimika kuketi kwenye jiwe la pili.

"Alitia makusudi?"

"Alisema watoto hawapaswi kuondoka siku waliyopangiwa na serikali. Waondoke siku moja baadaye, ili hiyo moja iwe yao. Alinifanya niape nisiseme shuleni. Mkuu wa shule alimwandikia anunue mashine mpya."

"Na hayo magamba unadhani aliyatoa wapi?" Bibi Empiang aliuliza. "Nani alikuwa akipara samaki humu? Nilimchagulia makubwa makubwa. Madogo yalikuwa yanateleza."

Mzee Sanggau akaanza kucheka, akapokewa na mwingine, na gati zima likacheka kicheko cha watu waliokula durian za siku ile ya ziada bila kujua nani kawalipia. Konstebo Lidom alijipangusa macho kwa kofia. Yeye alisomea mto mwingine, lakini alilia kwa mshikamano.

"Bibi," alisema Inspekta, "mashua ni yako. Kisheria, wewe ndiye mlalamikaji. Unataka nimfungulie mashtaka?"

"Kwanza nitoe maelezo yangu, uandike ama usiandike. Nilisema Nyambar akikataa siendi. Aliyekataa si Nyambar. Kwa hiyo naenda."

Jimbau aliinamisha kichwa.

"Pili. Wewe Jimbau, nani alikuambia nahamia?"

"Mama, si tulikubaliana..."

"Mimi nilikubali kutibiwa macho. Kuhamia ulisema wewe. Ulikuwa unasema kwa kelele nyingi na kwa uchungu, nikaona nikuache umalize, na hujamaliza mpaka leo."

"Na sanduku?"

"Mchele wa mke wako. Mpya, wa mlimani. Unadhani nguo zangu zinajaa sanduku?"

Mzee Sanggau, kama mkuu wa nyumba, alitoa hukumu ya kimila papo hapo: jogoo mmoja, yule aliyerukia mtoni, akipatikana. Bibi Empiang akaongeza ya kwake. Jimbau hatakwenda Sibu. Mkewe atampokea mama gatini huko. Yeye atabaki chumbani siku zote za likizo yake, achochee moto asubuhi na jioni, awape kuku chakula, na azungumze na paka.

"Nizungumze naye nini?"

"Muulize habari. Yeye huanza mwenyewe."

Inspekta alikiunganisha kiungo, akavuta soksi ya mpira juu yake, akafunga kifuniko. Alimshika bibi mkono hadi kwenye ubao wa mbele, kisha akaketi nyuma, kwenye nafasi ya Nyambar. Lidom angefuata na mashua ya polisi. Ufunguo ulizungushwa. "Ka!" Mashine ilikohoa moshi wa buluu, ikaamka na kunguruma kama mzee aliyeingiliwa usingizini.

Mashua iliacha gati. Bibi Empiang aligeuka, akainua mkono kumpungia mwanawe. Lakini mkondo ulikuwa umeshaizungusha mashua, naye hakujua. Alikuwa akiupungia ukingo mtupu wa changarawe, mbali na watu, mahali palipokuwa na mawe na mgomba mmoja uliovunjika.

Inspekta alifungua kinywa amwambie. Akakifunga.

Jimbau alikuwa ameshaona. Alitupa viatu, akakimbia juu ya mawe na shati lake la tope, akijikwaa, akianguka na kuinuka, mpaka akafika kwenye ile changarawe, akasimama sawasawa pale mkono wa mama yake ulipoelekea. Akainua mikono yote miwili, akapunga.

Inspekta Manggat akapunguza mwendo.